Mama Msasa Apekecha Moto

Katika karakana ya samani, wengine hukata na kuunga mbao, Mama Msasa hulainisha. Miaka kumi na minane amekuwa akipitisha msasa kwenye meza na vitanda vilivyoundwa na wenzake, mpaka ukigusa unadhani ni shavu la mtoto.

Tangu fundi mmoja astaafu, benchi lake lilikuwa tupu. Mama Msasa alilitamani kufa. Alitaka aunde kiti chake mwenyewe, mwanzo hadi mwisho. Kila akiomba, Fundi Mkuu humjibu, "Mama, wewe ni wa juu juu. Ndani ya ubao hukujui."

Jumatatu moja keekee ya kutobolea mbao ilikwama kwenye ubao mgumu, ikafuka moshi.

"Moshi bila kiberiti?" Mama Msasa akasogeza pua. "Kwa hiyo hata vijiti viwili vikisuguana vinawaka?"

"Watu wa kale waliweza," Fundi Mkuu akacheka. "Wewe ukiweza kabla ya Jumamosi kuisha, benchi lile ni lako."

"Nyote mmesikia?" aliwauliza mafundi. Walikuwa wamesikia.

Akachonga ulindi, yaani kijiti cha kupekecha, na uwimbombo, kibao cha kulaza chini chenye kitundu. Kisha, kwa mazoea, akavipiga msasa na kuvipaka mafuta. Vilipendeza ajabu! Akausimamisha ulindi kitunduni, akausokota kwa viganja siku mbili nzima. Viganja vikatoka malengelenge. Moto, wapi!

"Mama, unapekecha au unapiga pasi?" fundi mmoja akamtania.

"Cheka tu, meno si yako?"

Alhamisi aliingiza kidole kitunduni, kisha akachungulia. Kitundu kinang'aa kama kioo! Kwa nini king'ae? Akapigwa na butwaa: alikuwa anakilainisha, hakisugui. Kazi aliyoizoea maisha yake yote ndiyo iliyomponza. Akatengeneza vingine kwa mti mkavu, mwepesi. Safari hii hakuvigusa kwa msasa wala mafuta. Tena akatia chembe za mchanga kitunduni, ulindi upate kuuma.

Moshi ukaja, moto bado. Unga wa kahawia ulikuwa unatawanyika pembeni. Je, ukikusanyika pamoja? Akakata pengo ubavuni mwa kitundu, unga udondokee mahali pamoja.

Jumamosi mchana walitoka wote nje, maana mle ndani maranda ya mbao yangeshika moto yakawaunguza wazima wazima. Mama Msasa akapekecha, viganja vikishuka, vikirudi juu, jasho likimtiririka. Unga ukawa mweusi. Akaacha. Ulindi umetulia, lakini unga ulikuwa bado unafuka wenyewe!

"Mbona hauzimi?" Fundi Mkuu akachuchumaa.

"Usiupumulie, baba!"

Akaudondosha taratibu kwenye nyuzi kavu za mkonge, akazifumba viganjani, akapuliza kidogo kidogo. Moshi mzito ukamtoa machozi. Halafu, fuu! Mwali. Akautupa chini huku akiruka, mafundi wakapiga kelele kama wamefunga goli.

Fundi Mkuu hakupiga kelele. Aliokota kile kibao, akachungulia lile pengo, akakigeuza mara tatu.

"Hili nani kakufundisha?"

"Ubao wenyewe."

Akajikuna kichwa. "Haya, benchi ni lako. Unaanza na kile kiti?"

"Kiti kitasubiri. Kwanza nipe kipande cha kila mti ulio nao stoo. Nataka kujua upi unashika moto upesi."

"Humu ndani?"

"Nje, baba, nje!"