Nyumba ya Wageni Aliyolala Baba Kule Japani

Sisi tuliokulia Maretadu wakati mashamba ya ngano ya serikali yamepamba moto kule Hanang, mtu aliyerudi safari ndiye aliyekuwa redio yetu. Hata kama alifika Babati tu, alikalishwa kwenye kigoda, akapewa maziwa, na hakuachiwa mpaka aseme yote: alilala wapi, alikula nini, watu wa huko wanasalimianaje. Siku hizi mtu anatoka Ulaya, anaingia chumbani moja kwa moja kuchaji simu, na hakuna anayemuuliza hata kama ndege ina choo.

Baba yangu alikuwa fundi wa kombaini, zile mashine za kuvunia, huko huko kwenye ngano. Alikuja nyumbani mwisho wa mwezi juu ya lori, nguo zikinuka dizeli, makapi yamejaa mpaka kwenye masikio. Alituletea ngano kidogo kwenye mfuko, na bibi, yaani mama yake, aliichemsha na maharage kama mahindi ya makande. Mkate wenyewe tuliuona Krismasi. Tulikuwa tunaishi jirani na bahari ya ngano, na chapati moja tunagawana watoto wanne, tena kwa kupimiana kwa vidole. Lakini ukimuuliza mtoto yeyote wa rika letu kama alikuwa na njaa atakwambia hapana, alikuwa anacheza rede.

Mwaka mmoja wakubwa wa shamba wakamchagua baba aende Japani kusomea injini. Aliondoka tukiwa tunapanda mahindi, akarudi tukiwa tumeshavuna. Jioni aliyofika, uwanja wetu ulijaa. Mzee Tluway, jirani yetu aliyekuwa na ulimi kuliko kijiji kizima, alikaa mbele kabisa. Watu walitaka kusikia habari za magorofa na treni. Baba akayapitia hayo haraka haraka, kama anayelipa deni, kisha akaanza kusimulia nyumba moja ya wageni ambako walimu wao waliwapeleka milimani kupumzika. Ndipo sauti yake ilipobadilika.

Ilikuwa nyumba ya zamani sana, alisema, ya mbao tupu, imejengwa kabla hata Wajerumani hawajakanyaga Mbulu, na ukoo ni ule ule ulioijenga. Viatu unaviacha mlangoni. Ndani sakafu yote ni mikeka minene ya majani, inanuka kama majani ya ng'ombe yaliyokatwa asubuhi. Milango haina bawaba, unaisukuma pembeni, na imewambwa karatasi.

"Karatasi?" bibi akauliza. "Ndama akiamka vibaya je?"

Watu wakacheka. Bibi hakuwa anatania. Nyumba yake ilikuwa ya udongo, nusu yake imechimbwa ndani ya kilima, na ng'ombe walilala upande mmoja na sisi upande wa pili. Nyumba isiyoweza kuvumilia teke la ndama, kwake haikuwa nyumba.

Baba akaendelea. Hakuna kitanda, godoro linatolewa kabatini jioni na kurudishwa asubuhi. Kabla ya kuingia kwenye pipa kubwa la maji ya moto, lazima uoge kwanza. "Unaoga ili ukaoge?" akauliza Mzee Tluway, na hapo hata wanawake waliokuwa wanapepeta maharage wakaacha kazi. Chai ni ya kijani, haina sukari wala maziwa. Samaki analiwa mbichi. Mimi nilikuwa nimekaa chini karibu na miguu ya baba, nikijaribu kuipanga nyumba hiyo kichwani, chumba kwa chumba, na kila jibu lilizaa maswali mengine matatu.

Kisha bibi akauliza, "Nani aliwapokea?"

"Mama mwenye nyumba. Mzee kukuzidi wewe, mama. Alipiga magoti mlangoni, akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka."

"Mbele yako?"

"Mbele yetu wote."

"Na wewe ukafanyaje?"

"Nilisimama tu. Nilikuwa nimeshika viatu mkononi."

Bibi akanyanyuka, akakung'uta kaniki yake, akaingia ndani. Hakurudi.

Kesho yake asubuhi baba alikwenda mlangoni kwake. "Shikamoo mama." Kimya. Akarudia. Bibi alikuwa anakamua, na tulisikia maziwa yakiingia kwenye kibuyu, lakini ile "marahaba" haikuja. Wasomaji wa umri wangu wanajua uzito wake. Viboko tulivizoea, vya shuleni na vya nyumbani, vilipoa kabla ya chakula cha mchana. Lakini mzee kukataa kuitikia shikamoo yako, hiyo ilikuwa adhabu ya mtu mzima. Kwetu mdogo ndiye anayejishusha, na mwanamke mwenye mvi kumwinamia mtu wa umri wa mwanawe ni jambo la kuleta balaa kwenye ukoo. Bibi aliona amezaa mtu aliyesimama wima huku mama wa watu yuko chini. Na baba alikuwa arudi shambani mwisho wa wiki ile ile. Mama aliniambia kwa sauti ya chini, "Akiondoka hajaitikiwa, hatalala usingizi huko."

Sisi watoto tuliigiza nyumba ile nyuma ya zizi. Kaka yangu Safari alikuwa mgeni, mimi mwenye nyumba, na mlango wetu ulikuwa gunia la ngano. Kila nilipopiga magoti, Safari naye alipiga magoti, maana aliogopa asije akanyimwa salamu na bibi. Tukabaki tunainamiana pale kwenye samadi, hakuna anayethubutu kuinuka wa kwanza. Hapo ndipo nilipopata swali ambalo watu wazima hawakuuliza: sasa baba alijitoaje pale mlangoni? Baada ya hapo ilikuwaje?

Nilimkuta anapukuchua mahindi peke yake. Nikakaa nikapukuchua naye.

"Baba, yule bibi alikuwa anakupigia magoti kila siku?"

"Kila nikiingia, kila nikitoka."

"Na wewe ulikuwa unasimama tu kila siku?"

Alimaliza gunzi, akachukua lingine. Kisha akacheka peke yake, akaniambia. Siku ya kwanza hakulala. Alfajiri akasikia mtu anapasua kuni uani, akatoka, akamkuta ni yule yule mama mzee, anapasua kuni za kuchemshia maji ya wageni. Baba akamnyang'anya shoka. Mama yule akapiga kelele. Mwanawe akatoka mbio, mkalimani akatoka mbio, wanafunzi wengine wakachungulia nyuma ya milango yao ya karatasi. Kwao, mgeni kufanya kazi ni aibu kubwa kwa mwenye nyumba, kama vile amemwambia nyumba yako haina watu. Mwanawe akaomba radhi, akainama. Baba hakuachia shoka. Akamwambia mkalimani, "Mwambie kwetu mama wa umri huu akipasua kuni mimi nipo nimelala, mama yangu atanifukuza." Mkalimani akasema. Yule mama akamwangalia, akaziba mdomo kwa kiganja, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Akakaa pale kwenye kizingiti, akamwacha apasue.

"Sasa mbona hukusema hiyo juzi?"

"Mbele ya Mzee Tluway? Angenicheka mpaka Krismasi. Umepandishwa ndege kusomea injini, unaenda kupasua kuni!"

Niliacha mahindi nikakimbia. Bibi alikuwa anachagua mbegu. Nilimweleza yote, nikirukaruka maneno, na yeye hakuinua uso.

"Alizipasua zote?" aliuliza.

"Zote."

"Akazipanga, au alizitupa tu?"

Sikujua. Nikarudi mbio kwa baba, nikarudi mbio kwa bibi. "Alizipanga ukutani, bibi."

Akaendelea kuchagua mbegu. Lakini asubuhi baba aliposimama mlangoni na kusema shikamoo, sauti ilitoka ndani, wala haikuchelewa. "Marahaba, mwanangu. Ingia, uji unapoa." Mama yangu alikuwa amebeba ndoo, akaitua chini akajifuta macho. Mimi sikulia, nilikuwa na haraka ya kusikia, kwa sababu sasa bibi ndiye aliyekuwa anauliza. Ana wajukuu? Mume yupo? Mvua huko inanyesha mwezi gani? Jina lake nani?

"Sikumuuliza, mama. Ningemuulizaje mzee jina?"

"Hapo ulifanya vizuri," bibi akasema. Tangu siku hiyo alimwita "mwenzangu wa huko", na kila palipotokea baridi kali aliuliza kama mwenzake naye ana kuni.

Bibi alishatangulia, na baba pia. Mashamba yale serikali ilishayaachia. Maretadu umeme upo, bodaboda zinafika mlangoni, na vijana wetu wanaijua dunia yote bila kumuuliza mtu yeyote chochote. Juzi nilimwomba mtoto wa Safari anitafutie nyumba kama ile kwenye simu. Hata sijamaliza kueleza, ameshazipata kumi. Milango ya karatasi, mikeka, pipa la maji, yote yale yale niliyoyapanga kichwani kwa wiki nzima, yeye ameyapitisha kwa kidole kimoja huku anatafuna bigijii. "Shangazi, mbona hawana vitanda?" akasema, na kabla sijamjibu alishahamia mpira. Nilimhurumia kidogo. Sisi tulikuwa na picha chache, lakini kila moja tuliitafuna mpaka utamu ukaisha.

Nikamwambia arudishe nyuma. Kwenye picha moja alikuwepo mama mzee amepiga magoti mlangoni, mvi zimebanwa nyuma, anainama. Si yeye, najua, yule atakuwa alishazikwa zamani. Lakini nilijikuta nimeshuka kwenye kochi, magoti yangu mabovu sakafuni.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Shangazi, hiyo ni picha," kijana akaniambia.

"Najua," nikamjibu. "Subiri kwanza, usiiondoe."