Mgongo wa Baba Mkwe Mwisho wa Mstari

Watu wakiniuliza kama mtu mwenye kesi kortini anaweza kuchaguliwa tena, huwa nawaambia anaweza, na tena bila jasho. Nilikuwepo. Nilikuwa na mimba ya miezi saba na kitambaa cha kijani kichwani.

Ilikuwa mwanzo wa miaka ya sabini, upande wa Ekerenyo. Zahanati yetu ilikuwa na chumba cha kujifungulia tulichokijenga kwa harambee: matofali tulichoma wenyewe, maji tulipanda nayo mlima kwa mitungi. Mabati yalipofika, mwenyekiti wa kamati akayaweka kwake, ati yasiibiwe. Baada ya muda tukayaona yameezeka banda la kinu chake cha kusagia mahindi, yanametameta. Akaondolewa kwenye kiti, akashtakiwa Kisii, akatoka kwa dhamana. Kila kesi ikitajwa, leo hakimu hayupo, kesho shahidi hayupo, keshokutwa faili haionekani. Chumba chetu kikabaki kuta nne zilizoota magugu, na tukaambiwa mkunga hataletwa mpaka kiezekwe.

Mimi huyo mkunga nilimhitaji. Mtoto wangu wa kwanza nilimzaa Kisii kwa taabu, baada ya wanaume kunibeba kwa kitanda hadi barabarani, na muuguzi akanionya: "Mama, ukishika mimba nyingine, usithubutu kuwa mbali na mkunga." Maneno hayo nilikuwa nayo kila siku, shambani na jikoni.

Haya, uchaguzi wa kamati ukatangazwa. Na nani akajitokeza wa kwanza? Yeye! Suti, kofia, tabasamu. "Nimeshtakiwa, sijafungwa," akasema sokoni, na watu wakacheka naye. Wengine wakaanza kumhurumia, kwamba anaonewa na wenye wivu. Aliyempinga alikuwa mwalimu mstaafu, mpole, asiyejua kupiga domo, lakini aliahidi kwamba ndani ya mwezi mmoja mabati yatashuka kwenye kinu na kupanda zahanati. Mimi nilikuwa nimebakiza miezi miwili. Nikampenda yule mzee kama baba yangu.

Kura zilipigwa kwa kusimama nyuma ya unayemtaka, pale uwanjani mwa zahanati. Karani wa chifu alitaka mstari ubanwe, kifua kwa mgongo, asije mtu akapenyeza rafiki yake katikati. Ukichelewa, unasimama mwisho. Sisi tulikuwa watatu, wake wa ndugu watatu wa boma moja, na tulichelewa kwa sababu yangu. Nilikuwa natembea kama bata, na wenzangu wakakataa kuniacha nyuma.

Tulipofika, mstari wa mwalimu ulikuwa mrefu, na wa mwisho kabisa alikuwa baba mkwe wetu.

Kwetu mke wa mwana hamgusi baba mkwe. Hampi mkono. Mzee naye haingii nyumbani mwa mke huyo, na hata kikombe cha chai anapelekewa na mtu mwingine. Sasa nikambane kwa kifua, na tumbo lile, mbele ya lokesheni nzima? Wee! Heri ningevua nguo sokoni. Tukasimama kando, tukingoja mtu mwingine yeyote aje asimame nyuma yake ili nasi tuingie. Mtu mmoja tu, hata mlevi. Hakuja.

"Kina mama, ingieni!" karani akapaza sauti. Tukachekacheka kijinga. Baba mkwe hakugeuka, maana mzee mwenye heshima zake hageuki kutazama wanawake. Alivaa koti la kaki lenye kiraka cheusi katikati ya mabega. Nilikitazama kiraka hicho mpaka filimbi ya kufunga mistari ikapigwa.

Mwenyekiti alirudi kwenye kiti chake kwa tofauti ya kura mbili.

Mmoja wetu alicheka, kisha akaziba mdomo. Nilirudi nyumbani nikamenya ndizi za jioni. Kesi nayo sijui iliishia wapi, na mabati yalibaki juu ya kinu.

Uchungu ulinishika asubuhi moja, mvua ikinyesha. Wanaume wakanibeba tena kwa kitanda, lakini safari hii hatukufika barabarani. Alikuwa msichana. Hakulia.

Mume wangu alikuwa Kericho kwenye majani chai, kwa hiyo baba mkwe alichimba kaburi mwenyewe, nyuma ya nyumba, chini ya migomba. Mimi nilikuwa nimeketi kwenye kigoda hatua chache tu kutoka kwake. Sikulia. Nilitaka kulia nikashindwa, na mpaka leo jambo hilo linaniuma.

Alisimamisha jembe bila kugeuka, akamwambia mama mkwe: "Mwambie sikujua kwamba walikuwa nyuma yangu. Ningebadilishana na mtu wa mbele."

Mama mkwe akanigeukia. "Anasema hakujua mlikuwa nyuma yake. Angebadilishana na mtu wa mbele."

"Mwambie nimesikia," nikasema.

Akainama tena kuchimba. Alikuwa na koti lile lile, na kiraka kilikuwa kimeanza kufumuka upande mmoja. Udongo ulikuwa na maji, akateleza, akapiga goti moja chini. Nilikuwa karibu kuliko wote, na sikumshika.