Kaburi la mama kwenye ramani

Leo Jumamosi, miaka ishirini na tisa tangu nihame kijijini kwetu Katumba Songwe, ramani imeniambia mama yangu yumo mtoni.

Diski ninayohifadhia picha za nyumbani imeanza kukwaruza. Binti yangu hunisihi kila siku, "Baba, zipandishe mtandaoni." Basi asubuhi nimezipandisha zote, pamoja na zile nilizopiga kwa simu siku tuliyomzika mama, miaka tisa iliyopita.

Kumbe huko mtandaoni kuna ramani inayoonyesha kila picha ilipopigwa.

Za kaburi zimekaa katikati ya Mto Songwe.

Nimecheka. Nikampigia dada yangu Atupele, aliyebaki nyumbani.

"Dada, ramani hii imelewa. Inasema tulimzika mama mtoni!"

Hakucheka, yeye anayecheka hata msibani.

"Nani amekuambia, kaka?"

Nikambana mpaka akanieleza yote.

Mto ulihama masika ya mwaka juzi. Ulichukua migomba, kisha kaburi. Ndiyo maana kila nikisema nakuja kulijengea, Atupele hunijibu, "Subiri kwanza, kaka, maji yapungue."

Nimezitazama tena zile picha. Tumesimama wote kando ya kaburi, viatu vina vumbi, mahali ambapo sasa ni maji tu.

Nyie mnaohifadhi mtandaoni, picha zenu zimewahi kuwaambia jambo ambalo ndugu walificha?

Mimi nimezifuta kule. Zimebaki kwenye diski inayokwaruza, isiyo na ramani.

Nilikuwa niende Desemba, na saruji. Sitarudi; hakuna tena cha kujengea.