Meno ya Ponti na Mlima wa Bogoro

Kaka yangu mkubwa alikuwa amekwisha kumpata mnunuzi. Alimleta nyumbani asubuhi, mwanamume mwenye koti zuri, naye mgeni akalizunguka gari letu akigonga mabati kwa kidole, na mimi nimesimama mlangoni na ufunguo mfukoni, nimenuna. Ni pikapu ya zamani tuliyoachiwa na baba. Mimi ndiye niliyeiendesha, kushuka ziwani Kasenyi kuchukua samaki wa mama na kuwapandisha hadi soko la Bunia. Gari likiuzwa, ningerudi kukaa nyuma ya meza ya samaki, na kazi hiyo siiwezi. Mteja akibonyeza samaki mmoja baada ya mwingine halafu akaondoka mikono mitupu, mimi huwaka.

Gari lilikuwa na kosa moja tu, lilikunywa mazutu, yaani dizeli, bila huruma. Kila safari tulibeba bidoni, dumu la mafuta ya akiba, na kila safari lilirudi tupu.

"Gari hii inakunywa kuliko wajomba yetu wote," kaka alisema mgeni alipoondoka. "Mama, tuuzishe."

Mama ni mtu wa rozari, na kabla ya kuamua jambo lazima midomo yake icheze kwanza. "Yaya yako iko na haki," aliniambia mwishowe, akimwonyesha kaka kwa kidevu. "Lakini nakupatia nafasi moja. Gari ikipunguza kunywa, inabaki na weye. Ikishindwa kazi, wanaiuzisha. Na yaya yako atakuja kujionea na macho."

Nilikwenda mbio kwa fundi wa mtaani kwetu, mtu wa maneno mengi na mikono mizuri. Aliingia chini ya gari, akakaa huko kitambo akiimba, akatoka akitabasamu.

"Shofere, ugonjwa iko ku ponti," alisema.

Ponti, kwa asiyeijua, ni ule mhimili wa nyuma wenye tumbo la chuma katikati. Ndani ya tumbo hilo kuna gurudumu dogo la meno linalosukuma kubwa. La kwetu dogo lilizunguka mara nyingi mno kabla ya matairi kuzunguka mara moja. Injini ilipiga kelele kama mama anayeita watoto kumi, na gari likatembea taratibu. Fundi alikuwa na meno ya pikapu nyingine ya aina hiyohiyo, iliyokwisha kufa, na hayo hayakudai mizunguko mingi hivyo.

"Tunafunga hii, injini yako itapumua," aliniahidi.

Alipomaliza kufunga, aliinua tena matairi ya nyuma na kuchora upya alama ya chaki kwenye shafti ndefu inayotoka kwenye injini. Yeye alishika tairi moja, mimi la pili, tukazungusha kwa pamoja. Mwanzoni, tulipofanya hivyohivyo kabla ya kazi, chaki ilikuwa ikipita mbele ya macho yetu kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, anakwenda na kurudi. Sasa ilipita kwa adabu. Nilifurahi hadi nikampiga fundi kofi la mgongo, akapaka oili kwenye gauni langu kulipiza.

Kilichobaki ni kulijaribu. Fundi wetu ana desturi ambayo mtaa mzima unaijua: gari lolote linalopona mikononi mwake hupimwa kwa kwenda Komanda kumsalimia mama mkwe wake. Mwenye gari hununua sukari na sabuni, fundi huzitoa kama zake, mama mkwe huchinja kuku. Nani angekataa? Kilikuwa kipindi ambacho barabara ya Komanda imetulia kiusalama, vilima vyake ni vya upole, na gari tupu liliteleza kama limepakwa mafuta ya mawese. Tulikula kuku na sombe ya majani ya muhogo, tukasifiana. Tuliporudi Bunia, bidoni la akiba lilikuwa halijaguswa. Nililibeba kichwani hadi ndani ili kaka alione.

Kaka alilitikisa, akasikia uzito, akasema, "Tutaona ku mulima."

Tulishuka Kasenyi siku ya Ijumaa, mama katikati, kaka dirishani. Kushuka hakuna shida, hata jiwe linashuka. Tulipakia samaki wabichi, wakavu na wa chumvi, na wanawake wawili wa soko wakakaa juu ya mizigo kama kawaida. Tulipouanza mlima wa kupandia Bogoro, mama alianza rozari. Mama hupima njia kwa rozari. Zamani, gari likiwa na meno ya kale, mlima uliisha kabla hajamaliza fungu la pili.

Fungu la pili liliisha. La tatu likaisha. Nilikuwa kwenye gia ya kwanza, injini inaguna, na samaki walikuwa wakinuka pamoja na klachi. Mahali pale penye mwinamo mkali gari lilitetemeka, likazima. Mmoja wa wale wanawake aliruka na kusukuma jiwe nyuma ya tairi. Niliwasha, likazima tena. Hapo ndipo nilipoelewa, na uso ukanichoma kwa aibu. Tulikuwa tumelifungia gari meno ya tambarare, kisha tukalipima kwenye njia ya kuku wa mama mkwe, tupu, huku kazi yake yote ni kupanda huu mlima na mzigo. Fundi hajawahi kushuka ziwani. Na mimi ninayeupanda mlima huu kila wiki sikufikiria hata kidogo, nilikuwa nikitafuna paja.

Nilishuka nikalipiga tairi teke. Nilimtukana fundi, nikamtukana na kuku. Kaka hakunicheka, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Alisema tu kwa upole, "Basi, dada. Umejaribu." Alitoa simu yake kumtafuta mnunuzi, lakini pale hakuna mtandao.

Mama alibaki ndani hadi alipomaliza fungu lake. Kisha akashuka, akajinyoosha, akaniuliza, "Kule Komanda gari ilitembea namna gani?"

"Iliruka, mama."

"Na mazutu?"

"Haikugusa bidoni."

Aligeuka kutazama barabara ya chini. Lori lililokuwa likipanda kutoka ziwani lilifika likasimama nyuma yetu. Mama alimwendea shofere wake, wakazungumza kando, wakacheka, wakashikana mikono. Samaki wote wakahamia kwenye lori na wale wanawake wakapanda nao. Pikapu yetu, nyepesi sasa, ilipanda mlima bila neno, nami nilikuwa nikiendesha kama mtu anayesindikiza maiti.

Jioni kaka alianza maneno ya mnunuzi. Mama alimkatiza.

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," alisema. "Lori itatupandishia samaki mpaka hapa, ile muzee amekubali. Kesho tunaenda kuuzisha Komanda."

"Mama, siye tunauzisha Bunia tangu zamani."

"Na hapa Bunia kila mutu anauzisha samaki, hata mwalimu. Komanda kuko shofere wa malori, wako na njaa, na ziwa iko mbali na wao. Weye unaogopa nini?"

Asubuhi kaka alikuja kutusaidia kupakia samaki wakavu na wa chumvi, akabaki Bunia na meza ya sokoni. Mimi na mama tuliondoka, na njia nzima yeye alilalamika kwamba gari linakimbia kuliko sala.

Pale njia panda ya Komanda hatukupata hata nafasi ya kutandika. Madereva walinunua kutoka nyuma ya gari, mama akiwaita "watoto wangu" wote, na mmoja alipowabonyeza samaki bila kununua nilimfokea. Mama alinifukuza nikakae mbele. Kabla ya mchana samaki waliisha. Tulijaza ndizi na maharagwe tukarudi. Mzigo ulikuwa wa kutosha, vilima vikapita, na injini haikuguna.

Karibu na Bunia mtandao ulirudi na simu ya mama ikalia. Alikuwa ni kaka. Mama aliweka sauti kubwa kwa sababu hajui kuipunguza.

"Mama, ule mutu wa gari iko hapa nyumbani. Anauliza aje kuichukua lini."

"Mwambie akatafute ingine," mama alisema. "Dada yako iko na kazi nayo kesho."

Akakata, akachukua rozari yake. Machozi yalikuwa yananishuka na mimi nacheka. Sikutaka kuliachia usukani bado, nikalipita lango la nyumba yetu, nikapita na duka la jirani, na mama aliona kila kitu wala hakuniambia nisimame.