Maharage ya Bibi

Lori likisimama chini ya dirisha langu na kumwaga moshi, mpaka leo nyayo zangu huanza kuwaka.

Siku hiyo nilikuwa ziwani nasugua sufuria kwa mchanga, nikasikia honi juu kilimani kwetu. Lori la kutuhamishia kijiji cha ujamaa lilikuwa limekuja kabla ya siku tuliyoambiwa. Nikaiacha sufuria majini, nikakimbia. Njia ile ilikuwa changarawe kali na miiba ya michikichi, nami sikuwa na viatu. Honi ikalia tena. Kisha ikanyamaza, na ukimya huo ndio ulionitisha zaidi. Wameondoka, nikajiambia. Wameniacha. Nikajikwaa, kucha ikang'oka, nikaendelea kukimbia.

Nilipofika, paa letu lilikuwa limeshaezuliwa. Mama na wadogo zangu walikuwa juu ya lori, dereva anafoka. Mbele ya gurudumu alikaa bibi, miguu ameinyoosha, ungo mapajani, anamenya maharage.

"Bibi, inuka, tunachelewa!" dereva alimfokea.

"Mwana wanje, mjukuu wangu, hajafika," alijibu bila kumtazama. "Nikimaliza haya atakuwa amefika."

Nikamwangukia begani. Hakunikumbatia. Aliitazama damu miguuni mwangu, akaufunga ungo kwa kanga, akanipa niushike.

Lori lilipoanza kututikisa njiani, nikaufungua. Maganda yote yalikuwa mazima. Hakuwa amemenya hata moja.