Usishike Ngazi, Delmer

Oleta Stidham hagusi chuma cha boti kwa kiganja. Kwanza hukigusa kwa mgongo wa mkono, upesi, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Umeme ukikukamata kiganjani, vidole hujifunga vyenyewe na huwezi kuachia. Ukikupiga mgongoni mwa mkono, misuli inapojikunja hukutoa kwenye chuma. Amefunga nyaya za boti-nyumba katika Ziwa Cumberland, Kentucky, tangu usichana wake, na wenye boti humcheka.

"Anazisalimia," husema Junior Cundiff. "Hujambo, boti?"

Jumamosi moja ya Julai alikuwa kwenye boti ya Junior huyo, akimfungia inveta mpya yenye chaja ndani yake. Umeme wa gatini ukiwepo, mashine hiyo huchaji betri. Ukikatika, huchukua umeme wa betri, na taa hazipepesi hata kidogo. Hilo la taa ndilo lililompendeza Junior.

Kufunga kulikwisha kabla ya chakula cha mchana. Kilichobaki ni kupima. Oleta alishuka gatini na mita yake yenye taya, akaibana kuzunguka kebo nzima inayoleta umeme botini. Umeme unaoingia ukilingana na unaorudi, mita husoma sifuri. Isiposoma sifuri, kuna umeme unaorudi kwa njia nyingine, na hapo njia nyingine ni ziwa.

Ilisoma sifuri. Akazima umeme kwenye nguzo ya gatini. Taa za boti zikabaki zinawaka. Akauwasha, chaja ikaanza kunguruma. Sifuri tena.

"Basi njoo ule," Junior akasema. "Maharage yanapoa. Wewe ungekuwa daktari, watu wangekufa kwa kupimwa."

"Bado sijawasha kila kitu."

Delmer, mdogo wake Junior, alikuwa anaogelea. Kibao cha kukataza kuogelea gatini kipo, na watu hutundika taulo juu yake.

"Nawasha hita ya maji!" Wilma, mke wa Junior, akaita kutoka jikoni. "Nina masufuria ya kuosha!"

Mita ikapanda. Oleta alidhani ameibana vibaya. Akaifungua, akaibana upya. Namba ilikuwa ileile.

"Junior," sauti ya Delmer ikatoka nyuma ya boti. "Ziwa lenu leo lina chawa. Linanitekenya miguu."

Alikuwa anakuja kwenye ngazi ya nyuma, ngazi ya alumini iliyoungana na boti. Swichi ilikuwa kule kwenye nguzo, upande wa pili wa boti. Oleta akiikimbilia sasa, Delmer angeshika ngazi kabla yeye hajafika.

"Delmer! Rudi nyuma! Nenda ziwani, mbali na boti!"

"Nimechoka, dada, acha mambo yako. Nina njaa."

"Usishike ngazi! Maji yana umeme!"

Delmer akacheka, maana ndivyo walivyomzoea. Akapiga mkono mmoja mbele. Kicheko kikakatika. Mkono wa kushoto ulikuwa umepinda juu ya maji, haumtii.

"Junior," akasema kwa sauti ndogo. "Mkono hausogei."

Junior alikuwa amerukia gatini, ameshavua kiatu kimoja. Oleta akamkamata ukosi wa shati.

"Niache! Mdogo wangu huyo!"

"Ukiingia mnakufa wawili. Mwambie aende mbali. Wewe atakusikia."

Junior alimtazama kama mtu aliyetukanwa. Kisha akapiga kelele, "Delmer! Lala chali! Piga miguu, toka hapa! Usije kwangu! Usije!"

Delmer akalala chali. Miguu ikapiga mara moja, ikalegea, ikapiga tena.

Oleta akakimbia, bila kujua kama Junior angejirusha. Hakugeuka kutazama. Swichi ilikuwa na kutu. Aliivuta kwa mikono yote miwili mpaka ikashuka.

Alipogeuka, taa za boti zilikuwa bado zinawaka. Feni ya jikoni ilikuwa inazunguka. Inveta ilikuwa inafanya kazi yake.

"Hujazima!" Junior alikuwa analia. "Taa zinawaka, Oleta! Hujazima!"

Alijua ule ni umeme wa betri, na kwamba njia ya kupitia ziwani imekatika. Alijua, lakini hakutaka kubahatisha. Akaingia botini mbio, akampita Wilma na sufuria yake mkononi, akazungusha swichi kuu ya betri. Feni ikapunguza mwendo, ikasimama.

"Sasa!"

Delmer alikuwa ameelea umbali wa urefu wa boti mbili, maji yakimfika midomoni. Junior akarusha boya lenye kamba. Delmer alilitazama tu. Wilma akaanza kumwita Yesu, taratibu, bila kuacha. Kisha mkono wa kulia ukatoka majini, ukalikumbatia boya.

Hawakumleta ngazini. Walimvuta mpaka kwenye kokoto za ufukweni, akatapika maji.

"Mmenibakizia mkate wa mahindi?" akauliza.

Wakati Delmer yuko hospitali akipimwa moyo, Oleta aliifungua hita. Ilikuwa na ufa uliovujisha umeme kwenye chuma cha boti. Ufa peke yake usingetosha. Waya wa ethi, ule wa usalama, ungeurudisha umeme huo gatini salama. Akachomoa plagi ya kebo kwenye nguzo ya gatini. Jino la ethi halikuwepo.

"Nililikata," Junior akasema. "Soketi ya zamani haikuwa na tundu lake. Kila mtu alilikata."

Oleta aliigeuza plagi mkononi. Asubuhi alikuwa ameishika kebo hiyohiyo, na plagi hakuichomoa kuitazama.

Jioni, plagi mpya na hita mpya zikiwa zimefungwa, aliwasha kila kilichokuwa botini. Mita ilisoma sifuri. Ilibaki mtu aguse ngazi. Oleta alinyoosha mgongo wa mkono, akaurudisha. Akanyoosha tena, akagusa. Chuma kilikuwa na joto la jua tu.

Delmer, aliyekuwa amerudi, alisimama kwenye kokoto na taulo mabegani.

"Njoo," Oleta akamwambia. "Mgongo wa mkono, kama mimi."

Delmer aliitazama ngazi.

"Kesho," akasema, akaketi palepale.