Video ya Kwanza ya Fundi wa Nguo

Fundi wetu wa nguo pale Chepilat, soko la mpakani kati ya Nyamira na Sotik, hushona akiwa na pini mdomoni na simu kando ya cherehani. Kila asubuhi huweka kwenye ukurasa wa mtandaoni wa soko letu mambo mazuri ya watu wengine: wimbo wa kwaya ya Mogogosiek, kichekesho cha Kisii, mama wa Kiptere akikamua ng'ombe huku akiimba. Hutazama kila video hadi mwisho, kisha huandika jina la aliyeitengeneza. Ukimuuliza yake iko wapi, hucheka tu. "Mimi nachagua. Wa kutengeneza wako wengi."

Jumamosi moja, akinipima sketi, ilikuja video ya vibanda vikiungua. Ilisemekana ni soko letu, limechomwa na majirani wa ng'ambo ya mpaka. Nje watu walikuwa wakinunua ndizi kama kawaida. Lakini Velma, muuza mboga, aliingia akilia: mumewe amepiga simu, vijana wa kijijini kwao wanashuka sokoni na mishale kulipiza kisasi. Fundi alitema pini, akatoka na tepu shingoni, akasimama katikati ya soko, akawasha laivu kwenye ukurasa ule na kujigeuzia kamera. Sijawahi kusikia sauti iliyotulia vile. "Ni mimi, fundi wenu. Niko Chepilat saa hii. Angalieni, hakuna moto. Huyu ni Mongina wa Nyamira, huyu ni Sally wa Sotik, wanauza pamoja."

Hakuacha kuongea mpaka simu ya Velma ilipolia. Velma alisikiliza, akaketi chini.

"Wamesimama barabarani," alisema. "Wanakuangalia wewe kwenye simu."